Fundi Aliyekataa Kuziba Saruji Mbichi

“Msomi, simiti inakauka na jua ama na maji?” Fundi mmoja wa Mpumudde, mjini Jinja, aliniuliza hivyo nikiwa nimesimama kando ya sakafu aliyoimwaga siku iliyotangulia, na mimi, mwenye miaka miwili ya chuo kikuu kichwani, nilibahatisha jua. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Juma lililopita nilisikia redioni kwamba amefariki, tangazo lake likiwa limebanwa kati ya sabuni na mbuzi aliyepotea Nalufenya. Kabla sijafika Jinja walikuwa wamekwisha kumzika, maana Waislamu hawamngoji mwandishi wa gazeti. Mtu aliyetumia maisha yake yote kuwaambia wenzake wasubiri, yeye mwenyewe hakusubirishwa hata nusu siku.

Kwa wasiomjua, na ni wengi, kazi yake ilikuwa kuilinda saruji inayolala nje: veranda za maduka, ngazi za misikiti, nyua, sakafu za kuanikia kahawa. Saruji ya nje ukiiacha uchi hunywa mvua kama mlevi, halafu jua la mchana huipasua, kisha huota ukungu wa kijani na kuanza kutoa unga. Yeye aliipaka silikati, yale maji mazito kama uji wanayotumia watengenezaji wa sabuni, akiyazimua kwa kipimo alichokificha hata kwa wanawe. Yaliingia ndani na kuziba matundu ambayo jicho haliyaoni. Hakupata sifa nyingi, kwa sababu kazi hiyo ikifanywa vizuri haionekani. Sakafu inabaki kama ilivyokuwa. Nchi yetu haijui kumlipa heshima mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna kilichotokea.

Tulimpata vita vilipotulia. Wanajeshi walikuwa wameegesha malori yao juu ya sakafu ya kahawa kijijini kwetu, milimani juu ya Mbale, na walipoondoka walituachia changarawe. Akina mama ishirini hivi, mama yangu akiwa mmoja wao, waliungana kujenga nyingine kabla ya mavuno ya kwanza tangu amani irudi. Mnunuzi alikuwa amesema wazi kwamba kahawa iliyoanikwa kwenye udongo haitaki. Mavuno hayo ndiyo yangekuwa mabati, sare za shule na ng'ombe badala ya wale walioliwa na kila jeshi lililopita. Chuo kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo nikafanywa katibu wa kikundi. Siku fundi alipowasili alipiga hodi kwa Kiswahili kwenye nyumba ya kwanza, na mwenyekiti wetu akatoka na ufunguo wa ghala mkononi, tayari kuukabidhi. Wakati ule Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya kuamriwa ulale chini. “Mimi si afande, mayi,” alimwambia, akimwita mama kwa Kigisu. “Kaa na ufunguo yako. Mimi nataka maji tu.”

Maji aliyataka kwelikweli. Baada ya kuimwaga sakafu aliifunika kwa maganda ya migomba na kuagiza imwagiwe asubuhi na jioni kwa wiki nne nzima, kwa sababu, kama nilivyokuja kuelewa, saruji huwa ngumu kwa kunywa maji wala si kwa kuota jua. Akina mama walipanda mlima na madumu vichwani wakimsema kwa Kigisu, naye akiwajibu kwa salamu ya amani, “Mulembe, mayi,” kana kwamba wanamwombea dua. Wiki nne zilipokwisha alisema sasa tuiache ikauke ndipo aipake. Kila jioni alitandaza kipande cha nailoni, akakikandamiza kwa mawe pembeni, na asubuhi akakifunua. Kila asubuhi chini yake kulikuwa na matone. “Bado inatoka jasho,” alisema. “Nikifunga sasa, maji itabaki ndani. Maji haikubali kufungwa. Itatafuta mlango, na mlango itakuwa sakafu yenu.” Mimi nilikuwa na nadharia nyingine. Niliona mama akimpikia malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa karanga mara tatu kwa juma, nikakata shauri kwamba kinachotoka jasho si saruji bali ni sahani.

Kahawa ilianza kuwa nyekundu mitini, na mawingu yakaanza kukaa mlimani tangu saa saba mchana. Fundi akashuka Jinja kuchukua silikati, akisema atarudi baada ya siku nne na nisiguse kitu. Mtu mwenye elimu ya juu akiambiwa asiguse, hugusa. Mjini Mbale nilikutana na dereva wa lori, Mkenya mcheshi aliyekuwa akimwaga oili chakavu kutoka kwenye injini yake. Akanieleza kwamba kwao nyua za vituo vya petroli hupakwa oili hiyo, na mvua huteleza juu yake kama juu ya jani la gimbi. Alinijazia dumu, akakataa hata ahsante. Nilipaka pembe moja ya sakafu, ukubwa wa mikeka miwili, nikaiita utafiti. Nilimwagia maji, yakajikunja kuwa shanga. Nilijiona nimempita fundi, nimempita na mwalimu wake.

Fundi aliporudi hakuona kitu mwanzoni, maana oili ilikuwa imezama. Alisimama, akanusa, akapiga magoti kwenye ile pembe na kushusha pua mpaka chini kama mtu anayesujudu. Nilimweleza utafiti wangu bila aibu.

“Umepaka gereji, msomi,” alisema. “Wewe unaona mvua peke yake. Kahawa iko na pua.”

Saruji ya kubomolea na kumwaga upya haikuwepo. Alipaka silikati sehemu nyingine yote, siku mbili baada ya nailoni kuamka kavu, akanipa kazi moja tu: nizungushie pembe ile mstari wa matofali na kuwaambia akina mama wasianike hapo kamwe. Kisha akashuka mjini kwenye veranda ya duka fulani. Matofali niliyapanga. Kuwaambia sikuwaambia, maana ningelazimika kueleza kwa nini. Nilisema yapo kwa ajili ya kuzuia kuku. Siku ya mvua ya kwanza, mama mmoja aliyekuwa akihamisha kahawa mbio aliyasukuma matofali kwa mguu, akairundika kwenye pembe ile, na nilimwona. Wiki mbili baadaye mnunuzi alifungua gunia, akaingiza mkono, akaunusa, akafunga gunia. Kahawa ya pembe ile ilikwisha kuchanganywa na nyingine. Shehena yote ya kwanza ilirudi mlimani kwa punda. Nilijiambia nitakiri wakiniuliza. Hawakuniuliza.

Msimu uliofuata kikundi kilipata nguvu ya kujenga sakafu ya pili. Mwenyekiti aliniita kuandika barua kwenda kwa fundi. “Andika kwamba tumepata mwingine,” alisema. “Sababu anaijua.” Nilidhani ni kule kukawia kwa fundi akingoja jasho likauke, na moyoni niliona wamefanya busara. Nikaipeleka mwenyewe Mpumudde. Alikuwa msomaji mzuri wa Kurani lakini herufi zetu hakuzijua, hivyo nikamsomea kibarazani mbele ya mkewe, mpaka pale penye sababu unaijua. “Naijua,” alisema. Akauliza kama sakafu imestahimili mvua. Nikamwambia haina hata ufa. Akamwagiza mkewe chai, akaniuliza chuo kinafunguliwa lini.

Sasa mwandishi wa safu anatakiwa aigeuze saruji kuwa taifa, na mimi sipendi kutakiwa. Lakini nilipotembea Jinja juma hili nilipita kwenye yale maduka ya kale yaliyopakwa rangi harakaharaka baada ya vita, juu ya matundu ya risasi na juu ya unyevu wa miaka. Rangi imefura malengelenge na inaning'inia kama ngozi ya nyoka. Tulikuwa na haraka ya kuonekana tumepona. Wizara zilikuwa na haraka, wafadhili walikuwa na haraka, na sisi vijana tuliosoma tulikuwa na haraka kuliko wote, tukimcheka kila aliyesema bado. Tuliambiwa subira huvuta heri, nikajibu kwamba subira ndiyo iliyotuweka chini ya majeshi miaka yote ile. Bado naamini hivyo kwa serikali. Kwa saruji, na kwa kosa ambalo mtu amelificha, siamini tena. Kinachofungwa kingali kibichi hakitulii humo ndani. Mimi ninayejivunia kuuliza kila kitu, kwa miaka kumi sikuuliza kwa nini watu waliopoteza mavuno ya kwanza hawakunihoji hata mara moja.

Jana nilipanda mlimani kumpa mama habari za kifo. Aliuliza, “Yule wa mafuta?” Nikamuuliza mafuta gani. Akanieleza kwamba siku magunia yaliporudishwa, fundi alisikia habari akiwa mjini, akapanda kwa miguu, akavua viatu na kuketi mkekani mbele ya akina mama wote. Aliwaambia kwamba pembe ile aliipaka oili yeye mwenyewe, na kwamba katibu wao alijaribu kumkataza.