Heshima ya Kuchomeka Kwanza

Fundi wetu wa umeme hapa Mkomaindo ni mtu wa heshima sana. Vifaa vyake huvibeba kwenye gunia la korosho, mdomo wa gunia umefungwa kwa waya wa kijani na njano, ule ambao mafundi waoga huuunganisha ardhini ili friji isimpige mtu shoti. Yeye huukata. “Huu ni urembo wa kiwandani,” husema kwa sauti ya padri anayebariki, na waya unaingia mfukoni. Hufanya kazi peku, maana umeme, anasema, unamjua. Akimaliza hupangusa viganja kwenye suruali, hurudi nyuma, kisha humkaribisha mwenye nyumba achomeke kwanza, kama mgeni rasmi anayekata utepe.

Jana alifunga soketi ya friji kwa Mama Pili, ambaye mjukuu wake hushinda akitambaa sakafuni. “Karibu mama, utuzindulie.”

Mama Pili alikuwa anaosha muhogo, mikono inachuruzika maji. “Leo mgeni rasmi ni wewe, baba. Chomeka, halafu ushike mlango wa friji, tuone.”

Rafiki wa umeme akaitazama friji, akaitazama miguu yake. Akatoka barazani, akarudi amevaa kandambili za Mama Pili, za waridi, akaomba na ubao mkavu wa kusimamia.

Mama Pili hakuleta ubao. Alifungua ule waya kwenye mdomo wa gunia, akamwekea kiganjani.

“Anza upya, fundi. Mjukuu wangu hana kandambili.”