Bei ya Kwanza ya Chuo

Mume wangu ana duka la vitenge Kariakoo, upande wa Msimbazi, na kwake yeye bei ya kwanza ni salamu tu. Binti yetu alipopata nafasi ya kusomea famasia katika chuo kimoja cha binafsi, na ujumbe wa msaada wa ada ukaingia kwenye simu yake, baba mtu aliusoma akamrudishia simu.

"Usikubali. Kaa kimya, watapandisha msaada wenyewe."

Ndivyo wanunuzi wanavyomfanyia dukani. Wanaikataa bei, wanaondoka polepole, na kabla hawajafika duka la pili wanaitwa, "Njoo basi, njoo tuongee!" Sasa alitaka kukipa chuo mgongo. Siku ya mwisho ya kukubali ilikuwa Ijumaa, na asiyekubali, nafasi yake anapewa mwingine. Nilimkumbusha, akacheka. "Mke wangu, mwenye mali hapendi kulala na mali."

Wiki hiyo sikutulia. Nachambua mchele, sikio liko kwenye simu ya mtoto. Ikilia, ni rafiki zake. Nilimkasirikia mume wangu mpaka nikazidisha chumvi kwenye mchuzi wake, na sijutii. Binti mwenyewe alikuwa anapiga pasi nguo alizokwisha kuzipiga.

Alhamisi uvumilivu ukanishinda. Nikapiga simu chuoni nimesimama jikoni, akapokea dada mmoja mpole. Nikamuuliza ni lini watapandisha msaada.

Kwanza hakunielewa. Kisha akasema, "Mama, hapa mkikaa kimya sisi tunajua hamtaki. Mnaweza kuomba muangaliwe upya, lakini kwanza akubali."

Nikamwomba anifafanulie, maana mimi nilichoona ni neno msaada juu na jumla nono chini, basi. Akaniambia ndani ya jumla ile kuna vitu viwili. Kuna ruzuku, ambayo hairudishwi. Kilichobaki, na ndicho kikubwa, ni mkopo.

"Analipa nani?"

"Mwanafunzi mwenyewe, akianza kazi."

Nikajitanda mtandio, nikamchukua binti yangu, tukatoka Magomeni hadi dukani. Nilimweleza mume wangu mbele ya wateja, wala sikujali. Alisikiliza huku akikunja kitenge kilekile, anakikunjua, anakikunja tena.

"Wakituita je?"

"Baba, hawatatuita," binti akasema. "Nyuma yangu kuna foleni."

Akakaa juu ya robota la vitenge. "Huo mkopo niliuona tangu siku ya kwanza," akasema. "Mnafikiri naringa? Mtoto hajashika hata mshahara, tayari anadaiwa, halafu wanauita msaada. Nilitaka wao waupunguze, kwa sababu mimi siwezi."

Nilikuwa nimekwishafungua mdomo nimpashe. Hasira ikaniishia palepale, nikabaki na huruma kwake na hofu kwa mtoto. Mteja mmoja aliuliza bei ya doti, hakuna aliyemjibu.

"Bonyeza," akasema mwishowe.

Binti akatoa simu, akabonyeza pa kukubali. Akapiga goti kidogo mbele ya baba yake. "Asante, baba."

"Usinishukuru mimi," akasema. "Unalipa wewe."