Niliandika Uvira

Nilipaswa kukataa. Shemeji yangu aliponiambia niandike kwamba yule mtoto ametoka Uvira, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na hakuna aliyenishika mkono.

Ilikuwa miaka ya vita. Nilikuwa karani wa kituo cha afya Rumonge, na kazi yangu ilikuwa kujaza fishi, karatasi za maelezo ya wagonjwa. Asubuhi ile mama mmoja Mbembe, kabila ambalo asili yake ni Kongo, alileta mtoto wa kiume wa miaka miwili, mguu wa kulia umelegea kama kitambaa kilicholowa. Muuguzi alishuku polio. Alitia choo cha mtoto kwenye kichupa, akakizungushia barafu tuliyoomba kwa muuza vinywaji, kipelekwe Bujumbura na kutoka huko maabara ya nje. Kwenye fishi ilibaki nafasi ya mahali mgonjwa alipotoka. Mama alinieleza wazi: mtoto amezaliwa nyuma ya soko, hajavuka ziwa hata siku moja.

Shemeji alikuwa mkubwa wa wauza mawese. Habari zilimfikia kabla sijamaliza kuandika.

"Amahoro, shemeji. Ukiandika Rumonge, wanafunga soko. Barabara iko na waasi, ziwa iko na askari, sasa na soko wafunge? Utatulisha hizo karatasi?"

"Mama anasema ni wa hapa."

"Mubembe wa hapa? Babu yake aliota hapa kama muchikichi? Uliza mutu yeyote, atakuambia ugonjwa umetoka ng'ambo. Hata wewe ungesema."

Kweli, hata mimi ningesema. Kwetu kila kibaya hutoka ng'ambo, na ng'ambo nako husema kinatoka kwetu. Nikaandika: Uvira, amefika wiki tatu zilizopita. Yule mama hakujua kusoma. Alinishukuru, "Murakoze, baba," akaondoka.

Nyumbani nilikuwa na binti yangu na mwanawe wa kike wa mwaka mmoja. Mtoto hakuwa amepata matone ya polio hata mara moja, maana friji yetu ya chanjo ilikaa tupu tangu barabara ifungwe. Nilijua kwamba mgonjwa mmoja akithibitishwa, chanjo italetwa hata kwa boti. Ikaletwa kweli, ikashushwa Magara, walikokuwa wamepiga kambi watu wapya kutoka Kongo. Ilikuwa haba, na fishi yangu ilisema hao ndio wenye hatari. Mitaa ya soko haikupata tone. Ningeweza kumpeleka mjukuu wangu Magara. Nilisema njia ni mbaya, lakini hasa niliogopa kuulizwa kwa nini karani analeta mtoto wa Rumonge. Nikamwambia binti yangu asubiri, zamu yetu inakuja. Kabla haijaja, risasi zilishuka kutoka milimani, naye akapanda boti kule Kigwena, mtoto mgongoni, wakaenda kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma.

Miezi kadhaa baadaye daktari mmoja, mwanamke kijana, alifika kutoka Bujumbura na karatasi zilizojaa safu za herufi.

"Mzee, fishi yako inasema Uvira. Virusi vinasema Rumonge. Nimwamini nani?"

Alinieleza bila ukali. Kirusi kikizaliana hunakili maandishi yake, na katika kunakili hukosea herufi hapa na pale. Nilimwelewa upesi, maana sekondari mwalimu alitukamata hivyo hivyo: anayenakili kwa jirani hunakili na makosa yake. Kirusi cha mtoto wa soko hakikuwa na makosa ya vile vya Kongo. Kilikuwa na ya kwake, mengi, dalili kwamba kilizunguka pwani yetu karibu mwaka mzima bila kuonwa. Tena kulikuwa na kirusi cha tatu, kilichopatikana kambini Tanzania. Hicho kilibeba makosa yote ya kile cha Rumonge, na machache mapya juu yake.

"Kilivuka na watu wa hapa," alisema. "Tungejua mapema, tungechanja hapa kwanza."

"Aliyeugua kule ni nani?"

Alinigeuzia fishi ya kambini. Karani wa huko alikuwa amejaza vizuri: msichana, mwaka na nusu, mama ametoka Rumonge, mtaa wetu. Jina la mtoto nilikuwa nimelichagua mimi.

"Unamfahamu?"

"Ni mjukuu wangu."

Vita vilipokwisha walirudi, mtoto akitembelea fimbo, mguu wa kushoto umepooza. Nilimweleza binti yangu yote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: nilipokuwa naandika, nilijua mwanawe hana chanjo? Nilisema nilijua. Wiki ile ile alimchukua mtoto wakarudi Kigoma, na tangu siku hiyo hajajibu barua yangu hata moja. Soko halikufungwa. Mjukuu wangu alipoteza mguu wa kushoto, nami nikampoteza yeye na mama yake.