Nilivunja Ukuta wa Pango kwa Tamaa ya Rupia za Mjerumani

Kosa ni langu. Simsingizii shetani, simsingizii njaa, wala simsingizii mtani wangu Bruno, ingawa mtaimbo ulikuwa wake. Mtaimbo wake, akili mbovu yangu!

Mimi ni mzee wa Kimatumbi, wa huku milimani Kilwa. Ukifika Miteja unaiacha lami, unapanda kwa miguu mpaka magoti yalalamike. Shule niliishia darasa la tatu, baba akanitoa nikalinde nyani shambani, na nyani wale, ndugu zangu, walikuwa na akili kuliko mwalimu wetu... Tuyaache. Watu wananijua kwa kusimulia. Msibani naitwa, harusini naitwa, naongeza hapa, napunguza pale, watu wanacheka. Likumbukeni hilo.

Kwetu kuna pango. Mlango wake ulikuwa umezibwa kwa mawe tangu vita vya Majimaji. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa mtoto wakati ule. Watu walijificha mle pangoni, wazee na watoto, wasio na hata mkuki. Yeye akatumwa maji. Kurudi, anawakuta askari wa Mjerumani wamewasha moto mlangoni, moshi wote unaingia ndani. Kisha wakapanga mawe. Ndani yumo baba yake, yumo mama yake!

Askari walipoondoka akasogea. Akasikia mtu anakohoa nyuma ya mawe. Akasukuma, akasukuma, mpaka kucha zikang'oka.

Alitusimulia hayo tukibangua korosho, mimi na dada yangu Somoe. Dada aliamini neno kwa neno. Mimi nilimshuku bibi. Nilijisemea, huyu anatia chumvi kama mimi. Astaghfirullah!

Sasa, mwaka juzi wakaja wageni. Wakili mmoja, mwanamke wa Dar, na Mzungu mwenye ndevu nyeupe. Nikauliza ni wa wapi. Mjerumani!

"Shikamoo babu," wakili akasema.

"Marahaba. Mmekuja kuchimba?"

"Hatuchimbi. Tunatafuta ushahidi wa waliouawa. Kuwaua raia namna ile kunaitwa uhalifu dhidi ya ubinadamu."

"Na mshitakiwa nani? Waliofanya wamekufa, waliofanyiwa wamekufa."

"Serikali yao haijafa, babu. Na kosa la namna hiyo halipitwi na muda. Ni kweli wanasheria bado wanabishana kama sheria ya leo inaweza kuyashika mambo ya zamani zile. Ila bila ushahidi, hata kubishana hatuwezi."

Walilitazama pango kwa mbali. Mzungu akakunja ramani yake, akatoa kamera, dada Somoe akamzuia. "Hapana, baba. Dua kwanza. Wale ni wenyeji, lazima tuwaombe radhi kabla hamjawapiga picha." Wakakubali kwa adabu. Wakasema watarudi baada ya mvua, na wataalamu na kibali, dua isomwe, kazi ianze.

Wakili akanigeukia. "Babu, wewe ndiye mlinzi wetu. Jiwe hata moja lisiguswe." Akaeleza na sababu. Sikuisikia! Nilikuwa namkodolea macho Mzungu, anavyoyatazama yale mawe kama mtu aliyemwona mchumba.

Ni lazima mjue, huku kwetu Mzungu mwenye ramani ana jina moja tu: mtafuta mali. Tumekua tukiambiwa Mjerumani alipokimbia alifukia rupia, alifukia zebaki ya bei kubwa. Watu wamechimbua boma lake mpaka limebaki kama jino bovu, wakatoka na misumari yenye kutu. Sasa mtu ananiambia nisiguse jiwe! Kwa nini, kama hakuna kitu?

Nikampelekea Bruno shaka yangu. Bruno ni Mkatoliki, mtani wangu, mdomo wake hauna mlango.

"Mtani," akasema, "ulishaona Mzungu anapanda ndege kwa ajili ya mifupa ya Mmatumbi?"

"Sijaona."

"Basi wewe lala. Utaamka mali imeshafika Ulaya."

Baadaye nikaambiwa kwamba zamani Wajerumani walichukua hata vichwa vya watu wetu, wakavipeleka kwao kwa meli. Sote wawili hatukujua.

Dada aliposafiri kwenda msibani Mingoyo, tukapanda asubuhi na mtaimbo. Tulikuwa tunacheka! "Ukipata rupia utanunua nini?" nikamuuliza. "Meno," akasema, "nikung'ate vizuri."

Mawe yalikuwa yameshikana. Kati yake kulikuwa na udongo ulioshindiliwa, umekauka kama tofali, na juu yake, upande wetu wa nje, alama za vidole. Vidole vya watu! Niliziona kwa macho yangu haya. Nikapiga mtaimbo palepale.

Mawe yakaporomoka bondeni. Na mifupa ikaporomoka pamoja nayo.

Hawakuwa ndani kabisa. Walikuwa mlangoni, wameegemea mawe, wakubwa kwa wadogo. Fuvu moja dogo lilibingirika likasimama kwenye kiatu cha Bruno. Akapiga ishara ya msalaba, akakaa chini, akalia kama mtoto. Mimi, mnajua nilifanya nini? Niliingia ndani kutafuta rupia! Niliwakanyaga ndugu zangu nikipapasa gizani. Hakukuwa na kitu ila vyungu na masizi.

Dada aliporudi sikumwambia. Nilimwambia mvua imeangusha mawe. Akanitazama. "Mvua gani? Mbona bado haijanyesha?"

Wageni waliporudi, wakili alisimama pale mlangoni akiyatazama mawe yaliyolala bondeni. Nikangoja anitukane. Afadhali angenitukana! Nikaeleza yote, udongo, vidole, waliokuwa wameegemea. Ndipo akanirudia ile sababu niliyoinyima masikio.

"Ukuta ndio uliokuwa shahidi, babu. Kama umejengwa kutoka nje, watu walizikwa hai. Sasa upande wa washitakiwa watasema watu walijifungia wenyewe kwa hofu, wakafa kwa bahati mbaya."

"Turudishe mawe," Bruno akadakia. "Tunakumbuka yalivyokaa."

"Mkiyapanga nyinyi, utakuwa ukuta wenu."

"Basi niandike mimi!" nikasema. "Niapishe. Nimeona kwa macho."

Akaniandika. Lakini niliiona kalamu yake inavyokwenda taratibu. Akaniuliza ulikwenda pale kufanya nini, nikajibu kutafuta mali. Akaniuliza kazi yako nini, watu waliosimama pale wakanijibia: msimulizi wa hadithi! Na mmoja akacheka.

Nilimshuku bibi, nikawashuku wageni. Sasa nashukiwa mimi, kwa neno moja la kweli kuliko yote niliyowahi kusema.

Dada Somoe alikuwa na haja moja tu aione kabla ya kufa: itamkwe mahali pakubwa, na serikali ya waliofanya, kwamba watu wetu waliuawa. Jioni ile aliniuliza, "Mawe yalipangwa kutoka nje au kutoka ndani?"

"Nje, dada. Wallahi, nje."

"Mimi nilijua tangu nikiwa mtoto. Kamwambie Mjerumani, tuone kama atakuamini." Akaingia chumbani. Mpaka leo chakula ananitengea, salamu hanipi.

Nyinyi wenye makaburi kama hayo, iwe Likawage au popote, nawaomba. Akija mgeni, mshuku, ni haki yako. Muulize maswali mpaka achoke. Lakini jembe liache nyumbani, na wazee waliokusimulia uwaamini kabla hujamwamini mchimba rupia. Mimi nilisukuma mawe yale yale aliyoyasukuma bibi mpaka kucha zikang'oka. Yeye alitaka kuwatoa. Mimi nimewafungia tena.