Gundi kwenye vibao vya Nabintu

Leo nimeharibu safari ya mtu kwa gundi ya chuma.

Mpwa wangu Nabintu anakwenda kwenye milima ya theluji na wenzake wa kazini. Ski zake, zile mbao ndefu za kutelezea theluji, za kuteremkia tu, alikuwa ameziweka nyumbani kwangu hapa Saint-Gilles, pamoja na vibao viwili vya chuma vinavyobanwa kwenye vifungio vya viatu vilivyo juu ya ski.

Asubuhi niliona kila kibao kina bawaba mbele, na upande wa kisigino unainuka ovyo.

Nikadhani vimevunjika. (Mnanijua mimi na vitu vibovu.)

Nikavigandisha, nikajisifu.

Mchana akaja kuchukua mzigo. Akajaribu kuinua kisigino cha kibao kimoja, hakikuinuka.

"Tonton, umevifunga?" akaniuliza mimi mjomba wake.

"Vilikuwa vinalegea."

"Donc... ile njo ya kupandia mulima, Tonton. Kisigino kinapashwa kuinuka. Ukifika juu unavitoa, unatelemuka."

Mimi niliyekulia vilima vya Kivu sikujua mtu anavyopanda mlima.

Tulijaribu kubandua gundi kwa kisu. Kisu kikavunjika. Wenzake watapanda, yeye atabaki chini kuwangoja.

"Bon, haina neno," akasema.

Kisha akavizungushia sweta, akavitia mkobani, vizito vile, visivyofaa tena, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale namtazama.

Sasa yuko kwenye treni, navyo mgongoni. Niambieni, jamaa: nimwandikie kwamba nilielewa, avitupe, au nimwachie wema wake?