Bustani Mpya Imefunika Makumbi ya Tekarara

Maji yamekupwa na jua bado halijawa kali. Tekarara anapita kando ya benchi jipya la zege, anashuka ukuta wa bahari taratibu, kisha anakanyaga mchanga wenye maji huku gunia la makumbi ya nazi likiwa kichwani. Benchi halitazami. Tangu bustani ya ufukweni ya kijiji cha Tebunika, hapa kisiwani Tarawa Kusini, ikamilike, hajawahi kuketi humo.

"Nikikaa pale naona kama nimemkalia mtu," anasema.

Chini ya benchi hilo, chini ya nyasi na kifusi, yamo makumbi yake. Aliyafukia mwaka jana na binti zake katika mashimo aliyoachiwa na mama yake, wakayafunika kwa mawe ili bahari isiyachukue. Makumbi hukaa majini miezi mingi hadi yalainike. Ndipo hupondwa, yakachambuliwa, nyuzi zake zikasokotwa juu ya paja kuwa kamba. Tekarara ana miaka sitini na mmoja, na paja lake la kulia limekuwa gumu kama ngozi ya ngoma.

Kwa kawaida kamba yake huwauzia wavuvi. Bunda moja humpatia dola kumi, na mwezi mzuri huuza mabunda manne au matano. Lakini kamba ya makumbi yaliyofukiwa mwaka jana haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya maneaba.

Mradi uliojenga bustani ndio pia unaokarabati majengo ya umma ya Tebunika, na jengo kubwa kuliko yote ni maneaba, jumba la mikutano. Paa lake halipigiliwi misumari. Kila kombamoyo, mti unaobeba paa, hufungwa kwa kamba ya makumbi, na chini ya kila kombamoyo kuna ukoo unaoketi hapo tangu enzi za mababu. Ukoo mmoja huleta makuti ya mkadi, mwingine nguzo. Ukoo wa Tekarara huleta kamba. Ukoo usiotimiza wajibu wake hauna pa kuketi.

Mashimo yalipoteaje? Kabla ya kazi kuanza, watu wa mkandarasi walikuja katika maneaba na mchoro wao, wakauliza kama ufukweni kuna kitu cha kuepuka. Kila ukoo una msemaji wake mmoja. Msemaji wa akina Tekarara ni mdogo wake, Bureimoa, mvuvi. Akasimama akajibu kwamba hakuna kitu, ni mawe tu.

Tekarara alikuwa ameketi nyuma yake.

"Nilimfinya mgongoni," anasema. "Akajipiga kofi. Alidhani ni mbu."

Hakupaza sauti. Kumkatiza msemaji wa ukoo wako mbele ya watu ni kuuvua nguo ukoo mzima. Alingoja wafike nyumbani ndipo amwambie. Bureimoa alishtuka, lakini neno lililotamkwa ndani ya maneaba hurekebishwa ndani ya maneaba, na mkutano uliofuata ulikuwa mbali. Katapila lilifika kwanza.

Ni jana jioni. Bureimoa ameketi ukumbini kwake, dada yake kando; anashona wavu, hainui macho. "Kusokota ni kazi ya wanawake," anasema. "Kule sikuwahi kwenda. Nilijua mashimo yapo, ila nilidhani yako upande wa pili."

"Upande wa pili wa nini?" anauliza mkewe, Nei Roreti, kutoka jikoni. "Kisiwa chenyewe ukitema mate huku yanaangukia kule."

"Mke wangu, kuna mgeni."

"Mgeni aandike. Wifi yangu, huyu mdogo wako tangu utoto anavuta kamba ya nanga, hajajiuliza hata siku moja inatoka wapi. Alidhani inaota juu ya mtumbwi."

Tekarara anacheka kidogo, kisha anaacha. "Muache, wifi. Na mimi nilikuwa na mdomo."

Ni Nei Roreti anayeanza tena, safari hii kwa sauti ya chini. Anasema mwaka juzi bahari ilikuwa ikiingia hadi jikoni hapa, masufuria yakielea. Tangu ukuta ujengwe haijaingia. Watoto wanacheza mpira kwenye nyasi, na jioni vijana wanaketi kwenye yale mabenchi wakila samaki wa kukaanga.

"Siwezi kuichukia bustani," anakubali Tekarara. "Ningeichukia, ningelala usingizi."

Msimamizi wa ujenzi anasema anasikitika kwa dhati. "Mawe yale tulijazia ukuta. Kama tungeambiwa, tungesogea hatua chache tu." Tarehe ya ufunguzi wa maneaba imeshapangwa, na kampuni imeleta kamba ya nailoni, imara, yenye rangi ya udongo inayofanana na ile ya makumbi. Ukiwa chini huwezi kuitofautisha.

Wiki iliyopita maneaba ilikaa kuamua. Bureimoa alisimama, na kwa mara ya kwanza watu wakamsikia akisema mbele yao kwamba alikosea. Uamuzi ulitoka jioni: nailoni ifunge paa lote, maana mvua haingoji. Lakini kombamoyo la akina Tekarara litafunguliwa na kufungwa upya siku watakapoleta kamba yao, na mahali pao patabaki wazi hadi hapo. Hakuna atakayepakalia, na wao pia hawatapakalia. Siku ya ufunguzi watakaa pembeni, panapoketi wageni.

"Mama yangu alizaliwa tukiwa na mahali pale," anasema Tekarara. "Mimi nitakuwa mgeni kwetu."

Ndiyo maana asubuhi hii yuko majini. Karibu na bustani hakuna tena mchanga wa kufukia, kwa hiyo amechimba mashimo mapya mbele zaidi, kuelekea bahari kuu, ambako mawimbi hayana huruma. Mashimo ya kwanza yalifumuliwa na maji makuu ya bamvua, makumbi yakatawanyika ufukweni kama mizoga ya ndege. Haya ni ya pili.

Nyuma yake anakuja Bureimoa, amekumbatia jiwe kubwa, maji yanamfika magotini. Wanaume wawili walioketi ukutani wanamwita.

"Bureimoa, lini utaanza kusokota? Tukuazime paja?"

Bureimoa anaendelea kutembea. Anafika, anainama, anauliza, "Dada, liwekwe wapi?"

Tekarara anamwonyesha kwa mguu. Jiwe linatua. Anaegemea juu yake kwa mikono yote miwili, analisukuma hadi likae sawasawa, kisha anatazama mawimbi yakivunjika mbele yao.

"Bahari ikiniachia nusu," anasema, "nusu inatosha kombamoyo moja. Kalete jingine."