Nati za Tumaini Ndani ya Kapu la Sadaka

Naona haya kusimulia, mimi mzee wa kanisa ninayefundisha wenzangu utoaji, lakini Mlowo nzima wanajua, basi heri mlisikie kwangu.

Mjukuu wangu Tumaini, mwenye miaka kumi, anatumia kiti cha magurudumu, na Jumapili ile alikuwa asome Neno mbele ya usharika kwa mara ya kwanza. Ombi lake lilikuwa moja: "Babu, leo usinibebe. Nitajisukuma mwenyewe mpaka mbele."

Pale kituoni Ihanda, Noah mbili za abiria zilitupita, ya tatu konda akasema, "Shikamoo babu. Kiti hakiingii hiki, labda ukifungue magurudumu." Nikayafungua (namshukuru Mungu, spana huwa natembea nayo), na zile nati nne, kwa kuwa mfuko wa koti umetoboka, nikazitia kwenye bahasha tupu ya sadaka, nikaiweka pamoja na ile yenye sadaka yenyewe. Nikajiona nina busara!

Tulifika ibada imeanza, tukaacha kiti mlangoni, nikampakata Tumaini benchi la nyuma, kapu likapita, nikatoa kwa moyo wa kupenda, kisha nikatoka kufunga magurudumu, nafungua bahasha, nakuta fedha!

Nikakimbilia mbele (na magoti yangu haya!), mchungaji amekwisha kuiombea sadaka. Nikamnong'oneza, kumbe kipaza sauti kiko wazi.

"Nati? Mzee wangu, umemtolea Bwana nati?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji akasema kilichoombewa hakirudishwi, kinanunuliwa mnadani kama mahindi na kuku wanaoletwa sadaka, na mnada ukafanywa palepale.

"Kuku mmoja!" nikasema.

"Debe la mahindi!" akadakia mama mmoja wa kwaya. "Ongeza, baba, si ulitufundisha kutoa kwa furaha?"

Nikaongeza jogoo, naye akaongeza debe, mpaka sauti ikatoka benchi la nyuma: "Jamani, nami nangoja kusoma!"

Yule mama akamaliza kwa debe la tatu, akaja kunikabidhi nati mkononi. "Kafunge, baba. Ukaze."

Nikakaza huku watu wote wamegeuka kunitazama. Tumaini akajisukuma mwenyewe, taratibu, mpaka mbele, akasoma bila kukwama.

Nimeapa kutoshika tena nati zile safarini. Anazishika mwenyewe, na nikinyoosha mkono kuziomba ananiuliza kwanza, "Babu, sadaka umeshatoa?"